Jina la Mgonjwa: Rudis

Karatasi imekunjwa mara nne, imelowa theluji pembeni.
Naikunjua juu ya kaunta, naisoma kama nisomavyo zote:
jina la mgonjwa, Rudis.
Umri, miaka kumi na miwili.
Uzito, kilo tisa na nusu.
Kilo tisa? Nainua macho kumtafuta mtoto huyo.

Hakuna mtoto. Yupo Danguolė, mjane wa ghorofa ya nne,
na miguuni pake mbwa wa rangi ya kutu
anakohoa kikohozi kikavu,
kama mtu aliyetaka kusema jambo, akaghairi.

"Kliniki ya wanyama imeishiwa," asema.
"Daktari kasema hata ninyi mnavyo. Ni vilevile."

Ni vilevile.
Rafu naijua. Kisanduku cheupe, mstari wa buluu.
Mkono wangu ulikiendea miaka sita,
kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, kwa jina la Vaidotas,
aliyeendesha kreni bandarini Klaipėda
hadi miguu ikavimba, viatu vikamkataa.
Kidonge cha maji, ndivyo tunavyokiita.
Kazi yake ni kuyafukuza maji yaliyopotea njia,
yaliyojaa mapafuni,
yakapite yanakopita maji.
Moyo ukichoka, maji hujifanya mwenyeji.

Asubuhi alikuja Povilas, mwalimu wa hisabati,
akaninong'oneza kama anunuaye kitu cha aibu:
mkojo uliziba, matone matatu usiku kucha, tena ya damu.
Nikamtazama kwa ile huruma ya kazi.
Akaiva uso.
"Ni wa paka! Dume. Naapa ni wa paka."
Na kweli ulikuwa wa paka, cheti kina muhuri:
wameshamzibua, imebaki dawa ya kulegeza njia.
Alipotoka nilicheka hadi nikavua miwani.

Sasa sicheki.

"Anakojoa sana?" nauliza, kwa sababu sharti niulize.

"Kila saa tatu. Ngazi sitini na nane,
lifti imekufa tangu Novemba.
Kushuka anashuka mwenyewe, kupanda nambeba.
Akilala naishika saa ya Vaidotas, natazama ubavu:
kupanda na kushuka, hiyo ni moja.
Daktari Skaistė kaniambia, ikiwa chini ya thelathini
kwa dakika, nami nilale.
Jana ishirini na sita. Nikalala."

Anafungua mkoba, anaufunga, anaufungua tena.

"Yule hatukumhesabu.
Hatukujua kwamba huhesabiwa."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa kisanduku.
Nilimwambia, meza asubuhi, usije ukakosa usingizi.
Nilimwambia, punguza chumvi.
Niliwahi hata kumtania kuhusu samaki wa kukaushwa.
Kuhusu pumzi, sikusema neno.

Natoa kikata vidonge kwenye droo.
Si desturi, na nyuma yake wamesimama watu wanne,
mmoja na kikohozi chake mwenyewe.
Nakata kimoja kimoja, nusu kwa nusu,
vumbi jeupe linabaki kwenye kidole.
Naandika kwa herufi kubwa: NUSU ASUBUHI, NUSU JIONI.
MAJI YA KUNYWA USIMNYIME.
Juu, kwenye jina, naandika Rudis, na kalamu,
kwa mazoea yake, inaongeza jina la ukoo.
Danguolė analiona. Haombi nilifute.

Mbwa amelala mlangoni, kidevu juu ya zulia lililolowa.
Namtazama ubavu.
Moja. Mbili. Tatu.
"Dada, foleni!" anasema mtu.
Asubiri. Dakika haijatimia.

Ishirini na nane.
Namwambia. Anaitikia kwa kichwa, kama mweka hazina.

Kisha wako nje, chini ya taa ya barabara.
Rudis anaegemea nguzo, anainua mguu nusu tu,
theluji inatoboka, ya manjano, inafuka mvuke,
inaendelea kutoboka.
Danguolė ametulia na kamba mkononi, hamvuti,
baridi ya nyuzi tisa chini ya sifuri inamkata mashavu,
anamsubiri kwa adabu
kama mtu mzima aliyeanza kusema
na safari hii hakughairi.